Kupiga kambi Tanga: mwongozo kamili kwa anayetaka mto chini na genge juu

Mtu akisikia kambi ya bonde la mto, mawazo humpeleka ukingoni: hema limefunguliwa mlango na maji yanapita hatua mbili mbele. Kwa mkoa wa Tanga, hapo ni mahali pa mwisho pa kulala. Ukingoni kuna mbu usiku na usubi mchana. Mto Pangani una mamba. Tena mvua iliyonyesha milimani, ambayo wewe hukuiona hata wingu lake, inaweza kukufikia saa nane usiku ukiwa umelala fofofo. Mito yetu hutazamwa kutoka juu. Weka hema juu ya genge, teremka mtoni mchana, na uwe umeshapanda kabla jua halijazama. Karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kinatokana na hilo.

Kwanza, msimu

Masika huanza katikati ya Machi na kumalizika Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kati ya hapo kuna nafasi mbili nzuri: mwishoni mwa Juni hadi Septemba, kusi linapovuma na joto limepungua, na Januari hadi Februari, ambapo njia ni kavu lakini pwani jua linachoma kwelikweli. Mimi naipendelea Agosti.

Ila Usambara Mashariki ina kalenda yake. Milima ile inapokea pepo za baharini moja kwa moja, na Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata Julai utakuta manyunyu na ukungu wakati Tanga mjini watu wanaanua nguo zilizokauka. Kwa hiyo usitazame mbingu za mjini ukadhani umeshajua hali ya mlimani. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha mpigie simu mtu wa huko huko unakokwenda umuulize swali moja: njia inapitika? Jibu lake ndilo la kufuata.

Pili, chagua bonde

*Zigi na Amani.* Hapa ndipo ninapopapendekeza kwanza, na sioni haya kupapendelea. Mto Zigi unaanzia kwenye misitu ya Amani, unateremka kwa kelele kati ya majabali, unatulia ukifika nchi tambarare, unajaza bwawa la Mabayani linalowapa maji watu wa jiji la Tanga, kisha unaingia baharini kaskazini mwa mji. Sehemu ya juu iko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS.

Kuna sehemu mbili za kuweka hema. Ya chini ni Zigi, lilipo geti. Wajerumani walifikisha hapo reli ndogo ya kusombea magogo mwanzoni mwa karne iliyopita, na nyumba ya mkuu wa stesheni bado inatumika. Kuna joto, mto unasikika, na asubuhi utaamshwa na hondohondo wakipita juu kwa mbawa zenye mvumo. Omba upewe upande wa juu wa uwanja. Sehemu ya pili ni Amani yenyewe, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, kando ya bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902. Huko ni baridi ya sweta na blanketi, chai shambani, mbega kwenye miti. Mwenye siku mbili alale Amani usiku wa kwanza, ateremke kwa miguu na mwongozaji kwa njia ya msituni, alale Zigi usiku wa pili. Kuteremka na mzigo ni nafuu kuliko kupanda nao.

Kwa usafiri, fika Muheza kwanza, kilomita 40 hivi kutoka Tanga kwa lami. Kutoka hapo hadi Amani ni kilomita 35 hivi za njia ya vumbi, na vumbi hilo likinyeshewa huwa utelezi. Kwa kawaida basi la Amani huondoka Muheza mchana na la kurudi hushuka alfajiri. Ukifika Muheza jioni umeshachelewa: lala mjini, usimpe mtu wa bodaboda fedha akupandishe gizani.

*Amboni.* Kilomita 8 kutoka mjini kwenye barabara ya Horohoro, unakata kuelekea Kiomoni. Mto Mkulumuzi umechimba njia katika mawe ya chokaa, ukaacha kuta zilizosimama wima na miti iliyong'ang'ania nyufa kwa mizizi. Mapango yamo humo. Ukisimuliwa kwamba pango moja linatokea Mombasa, sikiliza kwa adabu na uendelee na safari: wapimaji walipoyapima mwaka 1994, refu kuliko yote halikufika hata kilomita moja. Ndani utaona mahali watu wanapoacha marashi, vitambaa na sarafu. Ni mzimu wa watu, usiguse kitu.

Kama kambi, Amboni ni ya usiku mmoja, na ni ya kulala kwa idhini ya ofisi ya mapango peke yake. Wazo la kuweka hema popote kwenye genge kwa sababu hapana uzio ulifute. Uzuri wake ni jioni: popo wanapotoka mapangoni kwa maelfu, wewe uko juu na wao wanaibuka chini yako. Kwenye kivuli cha mawe yale huota pia maua madogo ya zambarau, majani yake yana manyoya laini. Ni ya ukoo wa Saintpaulia, yaliyopewa jina la mtawala wa Kijerumani wa Tanga aliyeyapeleka Ulaya, na leo yamo kwenye vyungu vya madirishani duniani kote. Porini yamebaki machache. Piga picha, usichume.

*Pangani na Bweni.* Mto Pangani ni mkubwa, una maji ya Kilimanjaro na Meru, na hapa mdomoni una upana wa kutosha meli ndogo kugeuza. Mji uko ukingo wa kaskazini. Upande wa pili ni Bweni, na nyuma yake kilima kinachosimama ghafla juu ya mto. Ukiwa juu ya Bweni jioni unauona mji wote: boma, minazi, mashua zikirudi na maji yanayojaa. Unavuka kwa kivuko au mashua, uliza saa ya mwisho ya kuvuka kabla hujatoka Pangani. Ardhi ya Bweni ina wenyewe, mashamba ya mkonge na viwanja vya watu, hivyo cha kufanya ni kulipia nafasi ya hema kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, au kusogea kusini hadi ufukwe wa Ushongo ambako wenye mahema wamezoeleka. Kikogwe, ambako mkonge wa kwanza nchini ulipandwa mwaka 1893, iko upande huo huo. Wakati huo miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai.

*Irente, Lushoto.* Hapa mto uko mbali sana chini, lakini kwa genge hakuna pa kulinganisha mkoani: ukingo unakatika na kuangukia karibu mita 1,000 hadi Mazinde na mbuga ya Mkomazi. Lami inapanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33, halafu kilomita 5 au 6 hivi hadi Irente. Shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri linapokea wenye mahema na linauza jibini na mkate wake. Familia yenye watoto wadogo ianzie hapa.

*Saadani na Wami.* Ni hifadhi ya taifa, pekee Tanzania Bara inayogusa bahari, na Mto Wami unaipitia kusini. Kambi ni zile tu zilizotengwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na viboko hawataki mazoea. Gari ni lazima. Ni safari nzuri, ila ni ya aina nyingine, haitoshei mwongozo huu.

Tatu, kibali na watu

Kwenye hifadhi za TFS na TANAPA, malipo ni kwa namba ya kumbukumbu unayopewa, unalipa kwa simu au benki. Mtanzania analipa kwa shilingi na kiwango cha chini sana kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kiwe mfukoni, si kwenye begi lililobaki kwenye gari. Uliza vitu vinne kimoja kimoja: kiingilio, kambi, mwongozaji, gari. Mara nyingi ugomvi wa getini hutokana na mtu kulipia kimoja akidhani amelipia vyote.

Nje ya hifadhi, kijiji ndicho chenye neno. Nenda ofisi ya mtendaji au kwa mwenyekiti, uende mapema, na usiende umeshaweka hema.

"Hodi. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni, mwatoka wapi?"

"Twatoka Tanga mjini. Tumeomba kulala usiku mmoja pale juu ya genge, tuna hema letu. Tumekuja kuaga kwanza."

Hilo neno kuaga, yaani kuomba ruhusa kabla ya kufanya jambo, lina kazi kubwa. Linamwambia mwenyeji kwamba unajua ardhi ina mwenyewe, na mara nyingi yeye ndiye atakayekutafutia kijana wa kulala nanyi. Mchukueni, mlipeni vizuri na mle naye chungu kimoja. Kijana wa pale anajua nyoka wanakaa wapi, simu inashika wapi, na nani aamshwe kukiwa na mgonjwa. Mtu wa ulinzi si wa kubania fedha.

Nne, mizigo

Hema lenye sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta, na neti ya mlango isiyo na tundu. Turubai juu yake, kubwa kuliko hema kwa mita moja kila upande. Godoro jembamba au mkeka mnene. Shuka kwa pwani, blanketi na sweta kwa Amani na Lushoto. Tochi ya kuvaa kichwani, na betri za ziada. Suruali ndefu na soksi. Madumu mawili ya lita 10, maana dumu la 20 halipandishiki genge. Mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake, sufuria moja kubwa, kisu, kibiriti kilichofungwa kisilowe. Kiroba cha taka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na walinzi wa getini wanaikagua.

Kuhusu kamba: tuko Tanga, katani ipo na ni rahisi, na inafaa sana ukijua tabia yake. Katani ikilowa hujikaza na ikikauka hulegea. Ukiifunga kwa nguvu saa kumi na mbili jioni, umande wa usiku utaivuta hadi ing'oe vigingi au ipasue tundu la turubai. Iache ilegee kidogo unapolala, uikaze upya jua likishatoka. Mwenye kamba ya nailoni hana shida hii, ila nailoni hukuponyoka ikilowa, hivyo ifunge mafundo mawili.

Tano, mahali pa hema

Hapa usiharakishe. Fika kwenye eneo saa tisa alasiri, weka mizigo chini, kisha tembea bila kufungua kitu.

Anza na ukingo wa genge. Hema likae hatua 20 au zaidi kutoka ukingoni, na kama kuna watoto au wanywaji, hatua 50. Mawe ya chokaa ya Amboni huliwa na maji kwa ndani, ukingo unaonekana mzima kumbe chini yake ni tupu. Ukiona ufa ardhini unaofuata ukingo, rudi nyuma ya ufa huo. Funga kitambaa cheupe kwenye vijiti kati ya hema na ukingo, mtu anayetoka kujisaidia usiku akione kwa tochi.

Kisha tazama juu. Matawi makavu, hapana. Mnazi, hapana kabisa, hata kama kivuli chake kinavutia kiasi gani. Kila mtu wa pwani anajua nazi haipigi hodi, na bado kila likizo utaona hema chini ya mnazi.

Halafu tazama chini na pembeni. Kama mazingira yamekulazimisha kukaa karibu na mto, tafuta alama ya mafuriko: majani makavu, vijiti na vipande vya chupa vilivyonasa kwenye matawi ya vichaka, vyote vikiwa vimelala upande mmoja kuelekea mto unakokwenda. Wakati mwingine utavikuta juu ya kichwa chako. Maji yalifika pale, na hema liwe juu ya hapo. Ufukweni alama ni mstari wa mwani mkavu. Uliza pia kama ni bamvua au maji mafu: wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya Pangani hupanda kuupita mstari wa jana.

Mlango wa hema uupe mgongo upepo. Kusi likivuma mlango uangalie kaskazini, na kaskazi ni kinyume chake.

Sita, maji, na wadudu wa majini

Maji ya kunywa beba kutoka mjini kwa siku ya kwanza. Yanayobaki chota mtoni, juu ya mahali watu wanapofulia. Yakiwa na tope yaache yatuame usiku kucha, mimina yaliyo juu kwa kitambaa safi, kisha chemsha hadi yatokote vizuri. Vidonge vya WaterGuard ni vizuri pia, ila kwa maji yaliyokwisha kuchujwa, kwa kipimo cha pakiti.

Kuoga ndiko kunakowaponza watu. Mito yetu ina matatizo mawili yanayogawana mahali. Maji yaliyotulia ya nchi ya chini, kama Mkulumuzi na Zigi ya chini, ndiyo wanakokaa konokono wa kichocho, na kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa kale wa ukanda huu. Usiingie, hata miguu. Chota, oga kwenye ndoo kwa maji yaliyochemshwa. Maji yaendayo kasi ya milimani hayana konokono wengi, lakini pale penye mapovu ndipo anapozaliana usubi, mdudu mweusi mdogo anayeuma mchana na ndiye anayeeneza ugonjwa wa macho unaoitwa kwa jina lake. Ugonjwa huo huja kwa kuumwa kwa miaka, mgeni wa siku mbili hana haja ya hofu kubwa. Vaa suruali ndefu unapokaa mtoni, basi. Mbu wa malaria ni suala la usiku, na neti ndiyo jibu.

Saba, moto na chakula

Msituni usikate mti na usiokote kuni bila ruhusa ya mlinzi. Pika kwa gesi. Palipo na sehemu ya moto iliyotengwa, tumia hiyo, na ukilala moto uwe umezimwa kwa maji mpaka kiganja kikiwekwa juu ya majivu hakisikii joto.

Chakula nunua njiani. Samaki wa kukaanga hununuliwa soko la Deep Sea asubuhi, wataliwa siku hiyo hiyo. Muheza kuna machungwa, na Amani kuna iliki, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima wenyewe: iliki mbili zilizopondwa kwenye chai ya jioni zinatosha sufuria nzima. Usiku wa kwanza wali na samaki, wa pili ugali na dagaa. Maharage yanakula gesi nyingi mno, yachemshie nyumbani.

Chakula chote, pamoja na dawa ya meno na sabuni, kifungwe ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kima wa Amani wanajua zipu ni nini.

Nane, usiku

Mgeni anayekuja kweli usiku ni siafu, hasa baada ya mvua. Utamjua kwa mstari mweusi wa unene wa kidole unaotembea ardhini, askari wenye vichwa vikubwa wamesimama pembeni, taya wazi. Ukimulika na tochi unaona wadogo wanapita katikati yao wakibeba mayai. Kabla ya kulala zunguka hema mara moja kwa tochi. Mzungushio wa majivu makavu husaidia, lakini si ukuta, na ukilowa hauna kazi. Wakishafika, usipigane nao: toka, hamisha hema mita 30, wapishe. Baada ya saa chache wamekwenda zao.

Viatu vining'inizwe, visilale chini. Nyoka wa kuogopa zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii, unamkanyaga. Mtu akiumwa, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu. Mlaze, kifunge kiungo kwenye kijiti kisicheze, na apelekwe hospitali akibebwa: Teule kwa walio upande wa Muheza, Bombo kwa walio karibu na mjini. Dharura ya polisi ni 112, zimamoto na uokoaji 114. Jua kabla ya giza ni wapi simu inashika, maana bondeni mara nyingi haishiki na juu ya genge inashika.

Choo: shimo la kina cha shubiri moja, hatua 60 au zaidi kutoka majini, lifukiwe kila mara.

Tisa, kuondoka

Anayerudi na basi la alfajiri kutoka Amani afungashe jioni, abakize hema na blanketi tu. Hema litakunjwa likiwa limelowa, hakuna namna. Muage mlinzi au mwenyekiti, umwambie mmetoka wangapi, asije akatuma watu kuwatafuta. Kiroba cha taka kishuke nanyi hadi mjini, kijiji hakina pa kukipeleka.

Ukifika nyumbani litandaze hema juani siku hiyo hiyo, ndani nje, na ulifute mchanga wa chumvi kwenye zipu kwa mswaki mkuukuu. Unyevu wa pwani hauchukui wiki kulitia kitambaa ukungu, na zipu iliyoliwa na chumvi haina fundi.